Namna ya kuchagua kamera ya filamu ya zamani itakayodumu Mtwara na Lindi

Kabla ya kuuliza kamera ni ya kampuni gani, itoe lenzi. Fungua tundu la mwanga, lile linalopanuka na kusinyaa ndani ya lenzi, mpaka mwisho, mulika tochi ya simu kutokea nyuma, kisha chungulia kwa mbele huku ukiinamisha lenzi huku na huku. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au vidoa vyenye mizizi vinavyoanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati, hiyo ni kuvu. Mwili wa kamera hata ung'ae namna gani, lenzi hiyo isikuingize mjini. Kuvu hutoa asidi inayokula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Ikishalila, kusafisha kunaondoa nyuzi lakini makovu yanabaki, na kila picha unayopiga ukielekea mwanga inatoka imefifia kama iliyopigwa nyuma ya chandarua.

Vumbi ni jambo jingine. Punje kumi au ishirini ndani ya lenzi ya miaka 45 hazina neno, hazionekani kwenye picha. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele nao unavumilika. Kwenye kioo cha nyuma unadhuru zaidi, hasa ukiwa katikati. Weupe ulioenea sawasawa kama pumzi kwenye kioo mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani, na fundi anayejua kufungua lenzi anaweza kuufuta. Ukiona rangi za upinde wa mvua ukingoni, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, gundi inayounganisha vioo viwili imeachia. Hiyo achana nayo.

Bado hujaiweka chini. Zungusha pete ya tundu la mwanga, kisha sukuma kwa kidole kile kijipini kidogo kilichoko nyuma ya lenzi. Mapanga ya lenzi yanapaswa kujifunga na kufunguka papo hapo, tap, bila kusita, na yawe makavu. Yakiwa na mng'ao wa mafuta, joto limeyeyusha grisi ya pete ya kulengea nayo imetiririkia humo. Mapanga yenye mafuta huchelewa kujifunga, na picha za mchana wa jua kali zinatoka zimeungua kwa mwanga.

Kusini kuna nini kinachoua kamera

Kuvu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 au 65 kwa muda mrefu. Mwambao wote kuanzia Kilwa Masoko, Lindi mjini, Mikindani hadi Msimbati huwa na hali hiyo siku nyingi za mwaka, na msimu wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, ndiyo usiseme. Juu ya unyevu kuna chumvi. Upepo wa bahari huibeba hadi ndani ya nyumba, ikatua kwenye skrubu, kwenye springi na kwenye vibati vinavyogusa betri, halafu unyevu ukaigeuza kutu.

Yupo adui mwingine ambaye mtu wa Dar es Salaam hatamfikiria haraka: salfa ya mikorosho. Kuanzia Juni hadi Agosti hivi, mashamba yanapopuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi lake la njano hupeperuka hadi sebuleni. Salfa hufanya tabaka jeusi juu ya shaba na juu ya fedha, na migusano ya umeme ndani ya kamera imetengenezwa kwa madini ya jamii hiyo. Kamera iliyokaa kabatini kwenye nyumba ya shambani miaka kadhaa inaweza kuwa na mita ya kupima mwanga iliyokufa ingawa haijawahi kuanguka wala kulowa.

Kwa hiyo swali la "ilikaa wapi?" lina uzito kuliko swali la "imetumika kiasi gani?" Kamera iliyopiga harusi kila wiki huko Masasi au Nachingwea, mbali na bahari, mara nyingi ni nzima kuliko ile iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi miaka 20 Shangani, Mtwara mjini. Shata inayotumika haigandi. Na huo mfuko wa ngozi ambao wauzaji hupenda kuuonyesha kama ushahidi wa matunzo ndio unaohifadhi unyevu na kulisha kuvu.

Shata ya gia, si ya umeme

Shata ni ile milango ya ndani inayofunguka kwa sehemu ya sekunde na kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Kwenye kamera za aina moja inaendeshwa na springi na gia peke yake, na betri kazi yake ni kusoma mwanga tu. Kwenye aina nyingine muda wa shata unahesabiwa na saketi ya umeme. Betri ikiisha, au saketi ikiliwa na kutu, kamera yote inakuwa tofali. Kwa mazingira yetu, chukua ya gia. Springi iliyochoka inapunguza kasi taratibu na utaliona tatizo likija. Saketi inakufa siku moja, na kipuri chake hakitengenezwi tena.

Kujua ni ipi hakuhitaji kitabu. Toa betri. Weka kasi ya 1/500, vuta mkono wa filamu, bonyeza. Kisha weka sekunde 1, vuta, bonyeza. Kama kamera inalia kwa kasi zote mbili, na ile ya pili inachukua sekunde nzima ikiambatana na mlio wa gia kama saa ya mezani inayojizungusha, hiyo ni ya gia. Ikikataa kabisa kubonyezeka, au ikatoa mlio uleule kwa kasi zote, ni ya umeme.

Betri nayo iangalie kabla ya kulipa. Kamera inayotumia LR44, kile kidonge cha volti 1.5, haitakusumbua, kwa sababu kidonge hicho kiko kwenye vikokotoo na vitu vya kuchezea watoto na mafundi saa wanacho. SR44 ina umbo lilelile na volti yake haishuki ovyo, basi ukiipata ichukue hiyo. Baadhi ya kamera za umeme za zamani hutaka betri ya volti 6 iitwayo 4LR44. Ndani yake ni LR44 nne zilizopangwa, kwa hiyo ukiikosa, zungushia nne karatasi ngumu ziwe kama risasi na uziingize.

Penye mtego ni kamera za kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Nyingi zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, namba 625, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka badala yake ya alkali ya volti 1.5, mita nyingi zitadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, nawe utapiga picha zenye giza. Betri ya vifaa vya usikivu, saizi 675, ina volti 1.4 na inakaribia sana, ila inakula hewa na haidumu. Kwenye unyevu wetu ihesabie wiki chache. Wengi wanaotumia kamera za namna hiyo huachana na mita kabisa na kwenda kwa kanuni ya jua: filamu ya ISO 200 (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga), jua kali, tundu la f/16 kwa kasi ya 1/250.

Majina ya kutafuta

Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 na haina kitu cha ziada ndani yake: shata ya gia, kasi hadi 1/1000, mita ya sindano, LR44 moja. Ndiyo ya kumshauri mtu anayeanza. Haina swichi ya mita, hivyo kizibo cha lenzi ndicho kizimio chake; ukiiacha wazi mezani betri inakwisha bure. Za mwanzo, zilizotengenezwa Japani, zina chuma zaidi. Za mwisho zilizotoka China zina plastiki zaidi. Ukiwekewa mbili mezani zenye hali sawa, chukua ya Japani.

Nikon FM ya 1977 na FM2 ya 1982 ndizo bora kwa mtu atakayezitumia kwa kazi. Shata yake ni ya mapanga ya chuma yanayoshuka wima, si kitambaa, na hilo kwenye hali ya pwani ni faida kubwa kwa sababu kitambaa chenye mpira huchakaa kwa joto na jua. FM2 inafika 1/4000. Zote zinakula LR44 mbili. Tahadhari moja: lenzi za Nikon za zamani kabisa, za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa, usizilazimishe kwenye FM2. FM ina kijipini kinachokunjwa ili zikae, FM2 haina.

Minolta SRT 101 ya 1966 ni nzito kama jiwe na shata yake ni ngumu kuua, ila mita ni ya zebaki. Olympus OM-1 ni ndogo na tamu mkononi, nayo ni ya zebaki, na ina ugonjwa wake: juu ya kioo cha pembe tano cha kuchungulia kuna sponji ambayo ikioza inakula fedha ya kioo, na ukichungulia unaona mabaka meusi. Mabaka hayo hayaonekani kwenye picha lakini yanaudhi. Pentax Spotmatic ya 1964 ni kongwe, lenzi zake ni za kufunga kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na saketi ya mita yake haijali tofauti ya volti. Ikiwa mita inasogea, iamini.

Zenit E ya Urusi ya Kisovyeti haina betri kabisa. Kasi zake ni tano tu, 1/30 hadi 1/500, na B, ambapo shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza. Chuma chake ni kinene. Mita yake ni ya seleniamu, inayopata umeme kutokana na mwanga wenyewe, na huchoka kwa miaka, basi ifunike kwa kiganja halafu ielekeze dirishani: sindano isiposogea, imekufa, na bei ishuke. Kamera bado itafanya kazi.

Olympus Trip 35, iliyotengenezwa 1967 hadi 1984, ni kwa anayetaka kamera ya kutembea nayo sokoni bila kubadilisha lenzi. Nayo ni ya seleniamu, haina betri, lakini hapa mita ndiyo inayochagua mwanga, kwa hiyo mita ikifa kamera inapoteza nusu ya maana yake. Jaribio lake ni rahisi: weka pete kwenye A, ziba kioo cha mbele kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kinapaswa kupanda kwenye dirisha la kuchungulia na shata ikatae.

Canon AE-1 utakutana nayo kila mahali kwa sababu zilitengenezwa nyingi tangu 1976. Ni kamera nzuri. Lakini bila betri haipigi hata picha moja, mlango wake wa betri ni wa plastiki na huvunjika, na nyingi "hukohoa", yaani unapobonyeza inatoa mlio wa bawaba kavu kwa sababu gia ya kioo cha ndani, kile kinachoruka unapopiga, imeishiwa mafuta. Kwa mtu wa Arusha tungeijadili. Kwa mtu wa Kilwa, hapana, labda uwe umeipata na risiti ya fundi aliyeisafisha.

Kuikagua mezani

Kamera nyingi za namna hii zimo mikononi mwa wapiga picha wa zamani au familia zao. Msalimie mwenyewe kwanza, kaa, omba ruhusa: "Shikamoo mzee. Naomba nitoe lenzi na nifungue mgongo, nitakuwa mwangalifu." Kabla ya kufungua, zungusha taratibu kirungu cha kurudishia filamu kilicho juu kushoto, kwa upande wa mshale. Kikizunguka bure, ndani hakuna kitu. Kikikaza, ndani kuna filamu, na inaweza kuwa na picha za watu waliokwisha kufariki. Bonyeza kitufe cha kuachia filamu, ambacho kwa kamera nyingi kiko chini, rudisha filamu yote mpaka usikie imeachia, ndipo ufungue, umkabidhi mwenyewe kopo lake.

Nusa. Harufu ya mafuta ya cherehani au ya dawa ya kulegeza kutu ni sababu ya kurudisha kamera mezani. Kuna mafundi wanaopulizia mafuta shata iliyoganda; inafanya kazi siku ya mauzo, kisha mafuta yanasambaa kwa joto, yanashika vumbi, na baada ya miezi michache gia zote zimekuwa uji.

Sasa mgongo uko wazi, lenzi imetoka. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, chungulia kwa nyuma, na piga kila kasi kuanzia juu. Kwa 1/1000 utaona mmweko mfupi tu, lakini mmweko huo unapaswa kuonyesha pembe nne za mstatili. Rudia mara kumi. Kama upande mmoja uko giza, pazia la pili la shata, linalofunga, linalikimbilia la kwanza, linalofungua, na kulifunika kabla halijamaliza. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa shata za kitambaa na huanza kwenye 1/1000 na 1/500; chini ya hapo kamera huwa sawa. Ukiwa hupigi kwa kasi hizo unaweza kuinunua kwa bei ya chini, ila jua kwamba kwa jua letu la saa saba mchana na filamu ya 400 utazihitaji.

Kasi za chini ndizo zinazosema ukweli kuhusu umri. Sekunde 1, 1/2, 1/4, 1/8: sikiliza mlio wa gia. Uwe mmoja, laini, usiokatikakatika. Ikisimama katikati kisha ikamalizia, grisi imekauka. Si lazima ikatae yote. Ikiamka baada ya kupigwa mara ishirini, ni ganzi ya kutotumika. Ikibaki inakwama, ni kazi ya fundi, na gharama yake inaweza kufika bei ya kamera yenyewe.

Simu yako ni kipimo kizuri kuliko sikio. Rekodi shata kwa video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde, simu ikiwa nyuma ya kamera na mwanga mbele. Cheza fremu moja moja uhesabu zile ambazo shata iko wazi. Sekunde 1 itoe fremu kama 240, 1/15 itoe 16, 1/30 itoe 8, 1/60 itoe 4. Ukipata 10 badala ya 8, hiyo ni robo tu ya ziada na filamu ya rangi haitaigundua. Ukipata 16 kwenye 1/30, kasi imepungua nusu. Simu isiyo na 240 mara nyingi ina 120. Gawa hesabu kwa mbili. Kwa kasi za juu ya 1/125 njia hii haisemi kitu.

Shata ya kitambaa ikague matundu. Ingia chumba chenye giza, inua kile kioo cha ndani kwa kukishika ukingo kwa mpini wa brashi (uso wake usiuguse kamwe, fedha iko juu, inakwanguka kwa kidole), mulika tochi kutokea nyuma, tazama kwa mbele. Nukta yoyote inayong'aa ni tundu. Fanya hivyo kabla ya kuvuta mkono na baada ya kuuvuta, kwa sababu ni mapazia tofauti yanayokuwa mbele yako. Shata ya mapanga ya chuma haihitaji haya; yatazame tu kama yamelala sawa, hayana alama ya kidole wala mafuta.

Fungua chumba cha betri. Unga wa kijani au mweupe unamaanisha betri iliwahi kuvuja. Unga wenyewe unatoka: chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua, futa kwa alkoholi ile ambayo mafundi simu husafishia bodi, acha ikauke. Lakini uvujaji hupanda pia kwenye waya zilizoko nyuma ya kibati, na huko huwezi kuona. Ndiyo maana uende na LR44 mpya mfukoni, uweke, uone mita ikisogea palepale. Linganisha na programu ya kupima mwanga kwenye simu, ukielekeza zote ukuta mmoja. Tofauti ya hatua moja, yaani mwanga mara mbili au nusu yake, inarekebishika kwa kubadilisha namba ya ISO kwenye kamera. Sindano inayorukaruka ovyo hairekebishiki kwa namna hiyo.

Pale penye taima ya kujipiga mwenyewe, usiguse. Grisi yake ndiyo ya kwanza kukauka, na ikikwama katikati inaifunga kamera nzima.

Zungusha pete ya kulengea ya lenzi toka mwisho hadi mwisho ukiwa umeiweka sikioni. Ukisikia kwaruzo la mchanga, ilikwenda ufukweni na mchanga uko kwenye nyuzi zake. Utaendelea kusaga.

Sponji iliyooza isikutishe

Karibu kila kamera ya miaka hiyo ina sponji nyembamba kwenye mifereji ya mgongo ya kuzuia mwanga, na kipande kingine mbele, juu, ambapo kioo cha ndani hugonga kikiruka. Kwa joto letu zimegeuka lami nyeusi inayonata. Wauzaji wasiojua huona aibu, wanunuzi wasiojua hukimbia. Itumie kupunguza bei, kisha itengeneze mwenyewe kwa jioni moja.

Unahitaji vijiti vya meno, vijiti vya pamba, alkoholi ya fundi simu, uzi mweusi wa sufi unaojaza mfereji bila kulazimishwa (milimita 1 hadi 1.5 kwa kamera nyingi), na kipande cha mahameli nyeusi chenye unene wa milimita 2. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda. Baadhi huchanganywa na mafuta ambayo hubaki kwenye chuma. Funika shata kwa kipande cha karatasi ngumu bila kuigusa. Kwangua lami kwa kijiti chenye alkoholi, ukishika kamera mgongo ukitazama chini ili makombo yaanguke nje. Mfereji ukishakuwa chuma kitupu, laza uzi mkavu, ubonyeze kwa kijiti, weka tone dogo la gundi kila mwisho tu. Mahameli inakwenda upande wa bawaba. Kipande cha mbele, pale kioo cha ndani kinapogonga, kikate upana uleule wa zamani. Kikizidi unene, kioo hakitafika juu na picha zitakatwa ukingo.

Kamera inayotumwa kwa basi

Ukinunua kutoka Dar es Salaam kwa picha za simu, omba vitu vinne kwa jina: lenzi ikimulikwa tochi kutokea nyuma, chumba cha betri kikiwa wazi, shata kutokea nyuma, na video ya sekunde 1 yenye sauti. Muuzaji anayetuma picha nzuri za mwili tu na kukwepa ya tochi ameshakujibu. Mwambie atoe lenzi, aweke kizibo pande zote, afunge kila kimoja peke yake, na mzigo ukae juu kwa kondakta. Ndani ya buti, safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Mtwara ni oveni.

Filamu ya kwanza ni ya kupima

Pakia filamu ya rangi ya 200 kivulini. Baada ya kufunga mgongo, kaza kirungu cha kurudishia kidogo, kisha vuta mkono: kirungu kinapaswa kuzunguka kila unapovuta. Kisipozunguka filamu haijashika, utapiga 36 hewani.

Fremu ya kwanza: kizibo cha lenzi kikiwa kimefungwa, iweke juani dakika kumi, geuza kila upande. Usizidishe, joto linaharibu filamu. Mwanga ukivuja utauona kwenye fremu hiyo na jirani yake, mstari mwekundu au wa machungwa.

Kisha tafuta ukuta usiobadilika kwenye jua kamili. Kuta za matumbawe za Mikindani zinafaa sana kwa sababu zina mashimo na vivuli vinavyoonyesha ukali wa lenzi. Piga 1/250 kwa f/16, 1/500 kwa f/11, 1/1000 kwa f/8. Nenda barazani, mahali ambapo mita inakubali 1/250 kwa f/4, upige pia 1/125 kwa f/5.6, 1/60 kwa f/8, 1/30 kwa f/11 na 1/15 kwa f/16, kamera ikiwa juu ya kigoda. Kila kundi linapaswa kuwa na uzito uleule kwenye negativu. Fremu moja ikiwa nyepesi au nzito peke yake, umejua ni kasi ipi yenye kasoro, au ni tundu lipi.

Kulenga: tandika kanga mkekani, kaa mita moja kwa mshazari, fungua tundu lote, lenga herufi moja ya katikati ya jina la kanga. Kwenye picha herufi hiyo ndiyo iwe kali. Ikiwa ya mbele au ya nyuma yake ndiyo kali, kioo cha ndani kimehama. Piga nyingine ukilenga mnara wa simu ulio mbali kabisa, tundu likiwa wazi vilevile.

Mchanga wa Msimbati na kanzu nyeupe hudanganya kila mita, hata iliyo nzima: picha zinatoka nyeusi na sura za watu hazionekani. Fungua hatua moja au moja na nusu zaidi, au pima kwenye kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule, kisha ongeza hatua moja. Kiganja kinafaa kwa sababu weupe wake hautofautiani sana kati ya mtu na mtu.

Kuikalisha nyumbani

Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, la lita 5 hivi, na gramu 100 za silika, zile punje za kunyonya unyevu. Weka na kipima unyevu kidogo; lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikichoka, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 saa moja au mbili, iache ipoe ikiwa imefunikwa, irudishe. Chumvi usiweke kamwe ingawa nayo inavuta maji. Mchele unaacha unga.

Shata isikae imevutwa. Mara moja kwa mwezi itoe, piga kila kasi mara kumi, zungusha pete zote, irudishe. Msimu wa salfa isitoke nje ya kontena bila sababu. Ukirudi kutoka kwenye mashua ya Kilwa Kisiwani, ifute siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kikavu, ukianza na skrubu. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo maji yatajifanya juu ya kioo cha ndani ambako huwezi kufuta. Filamu iliyokaa kwenye friji nayo vivyo hivyo: kopo lisifunguliwe mpaka lipate joto la chumba, saa moja au mbili.